Mkono wa Mtu: Jibu kwa Aliyesema Riwaya za Upelelezi ni Bisi

Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha waandishi chipukizi, watu kama ishirini hivi kwenye viti vya plastiki vya kuazima, na akaalikwa msomi mmoja aje atupe nasaha. Jina lake silitaji. Si kwa woga, ni kwa adabu: alikuja kwa nauli yake, na hata soda tuliyomnunulia hakuimaliza. Alizungumza vizuri sana juu ya lugha, juu ya wahusika, juu ya kusoma kabla ya kuandika. Halafu mwenzetu mmoja akauliza, na hizi riwaya za upelelezi je, nazo tuzisome? Msomi akatabasamu. Akasema zile ni bisi. Unakula mfuko mzima, mdomo unafanya kazi, na ukiinuka njaa ni ile ile.

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilipokuja kupata la kusema, mwenyekiti alikwisha funga kikao na watu wanahesabu viti.

Basi, ndugu msomaji, haya ndiyo niliyotaka kusema siku ile.

Kwanza nijitambulishe, mtu asije akadhani anabishana na mkubwa mwenzake. Mimi nimeishia kidato cha nne. Cheti changu ni divisheni foo, na Kiswahili nilipata C. Nina kibanda cha vocha na kuchaji simu Mbagala, na chini ya meza nina kaunta buku tatu zenye riwaya yangu ambayo bado haijawa riwaya. Darasa la nadharia za fasihi sijakaa hata siku moja. Nikikosea jina la nadharia nisamehewe. Lakini juu ya kusoma sitaki kusamehewa, maana kusoma nimesoma.

Kitabu cha kwanza nilichokimaliza bila kulazimishwa hakikuwa na jalada. Nilikikuta kwenye sanduku la bati la mjomba wangu, marehemu sasa, aliyekuwa utingo wa malori. Sanduku lilinuka dizeli na dawa ya mende. Kitabu kilianzia ukurasa wa tisa. Nilikuwa darasa la saba, na shuleni kusoma kwetu kulikuwa ni kuimba pamoja yale aliyoandika mwalimu ubaoni. Usiku ule nilisoma peke yangu mpaka tochi ya simu ikazima, na nilipolala nikawa naona watu wanakimbia. Baada ya muda mrefu, kwa muuza vitabu chakavu wa barabarani, nikakiona kitabu kile kile kikiwa na jalada lake: Kufa na Kupona, cha Elvis Musiba, kilichotoka mwaka 1974. Nilikishika kama mtu aliyekutana uso kwa uso na rafiki aliyekuwa akimjua kwa sauti ya simu tu.

Sekondari, mwalimu wa zamu alininyang'anya kitabu kingine cha aina hiyo wakati wa maandalio ya usiku. Viboko vitatu, na maneno: "Vitabu vya wahuni hivi." Siku ya nne nikapita dirishani kwa walimu nikamwona amekiinamia, chai imepoa, yuko kurasa za mwisho. Sikukirudishiwa. Simlaumu hata kidogo, nami nisingekirudisha.

Wasomi wetu wana majina mawili. Kuna fasihi dhati na kuna fasihi pendwa. Mimi nauliza swali la kijinga la mtu wa divisheni foo: kama hii ni pendwa, ile nyingine ni ipi, chukiwa? Tena wengine hawaishii kwenye pendwa, wanasema chapwa, kama mchuzi usio na chumvi. Na watu hawa hawa wamesahau kwamba Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971 na ambayo leo wanaiita dhati, nayo ilizuiwa mashuleni kabla ya kukubaliwa. Wenye kupima vitabu kwa niaba yetu wamewahi kupima vibaya. Hilo tu nataka likumbukwe, kisha niendelee.

Hoja yangu nitaianzia mtaani, wala si kwenye vitabu.

Huku kwetu mtu akifa ghafla utasikia watu msibani wananong'ona: "Hicho si kifo cha Mungu, huo ni mkono wa mtu." Mgeni wa lugha akisikia hivyo atadhani watu wanataka polisi. Wala. Mkono wa mtu maana yake ni uchawi, maana yake mkono usioonekana, usioacha alama, usiohitaji kuwa mahali fulani saa fulani. Maneno yanasema mkono, yanasema mtu, na mtaani hayana maana ya mkono wala ya mtu.

Masika ya mwaka juzi mpangaji mwenzetu mmoja, mzee fundi viatu, alikutwa asubuhi amekufa kitandani. Jana yake alikuwa mzima, alishona kiatu changu. Alikuwa akiishi peke yake na kuku wake mwenye vifaranga, aliyemlaza kwenye tenga chini ya kitanda kwa kuogopa wezi. Yule kuku naye alikuwa amekufa, na vifaranga vyote. Kabla ya jua kupanda neno lilikwisha pita: mkono wa mtu. Na baada ya neno kupita ikabaki kumtafuta mwenye mkono. Nyumba ile alikuwamo bibi mmoja, mpangaji wa chumba cha nyuma, ambaye alikuwa akikaanga mihogo kwa kuni na kuiuza jioni. Macho yake mekundu. Jamani, mtu aliyekaa miaka mbele ya moshi wa kuni macho yake yawe ya rangi gani?

Mimi niliingia chumba kile pamoja na vijana wengine kutoa mwili. Niliona vitu vitatu. Jiko la mkaa lilikuwa ndani, karibu na mlango, limejaa majivu mpaka juu. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa shuka na gunia kwa sababu ya mvua. Na kuku. Ni yule kuku aliyenisimamisha. Nikajiuliza, mchawi mwenye chuki na fundi viatu, vifaranga anavitakia nini? Hewa ya sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, ukijifungia nayo chumbani haikuamshi, na haichagui mtu na kuku. Nilikuwa na jibu kabla hatujafika uani.

Nikakaa kimya. Siku mbili. Nilisema moyoni, mimi ni nani, kijana wa vocha, wakubwa wamekwisha sema. Siku ya tatu nikaenda kwa mjumbe nikamweleza: jiko, dirisha, kuku. Mjumbe hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza, akaenda kuangalia mwenyewe, jioni akawaita watu akawaambia. Wengine walielewa. Lakini chumba cha nyuma kilikuwa wazi. Bibi alikwisha funga mzigo wake alfajiri ya siku ile ile, akaondoka na karai lake la mihogo, na hakuna aliyejua kaelekea wapi. Mpaka leo sijui. Labda yuko salama. Huko bara, vikongwe wangapi wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu? Hizi si hadithi, zimeandikwa magazetini miaka nenda miaka rudi.

Sasa ule utaratibu wa kuangalia chumba, wa kuuliza kitu gani kimo ambacho hakikupaswa kuwamo, niliupata wapi? Shuleni sikufundishwa. Nilifundishwa na Bwana Msa.

Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari, alishinda shindano la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, na mwaka 1960 kikatoka kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale. Maiti inakutwa mzimuni. Ebu fikiria ujasiri wa kuchagua mahali pale. Mwandishi angeweza kuiweka maiti sokoni au pwani. Aliiweka hasa pale ambapo kila mtu anayo sababu ya kutouliza, pale ambapo jibu limekwisha kuwapo kabla ya swali: si unaona, ni mzimu. Kisha anamleta Bwana Msa na kiko chake, mtu asiye na haraka, na pembeni yake Najum wa kushangaa kwa niaba yetu. Bwana Msa haupigii mzimu makelele wala hawatukani wanaouamini. Anauliza tu. Nani alikuwa wapi, nani anamdai nani, nani anasema uongo na kwa nini. Na mkono unaopatikana mwisho wa kitabu una vidole.

Ndiyo, najua, Bwana Msa ana undugu na Sherlock Holmes wa Uingereza, kiko na rafiki na yote. Wasomi hupenda kulisema hilo kana kwamba wamemkamata mtu na ng'ombe wa wizi. Lakini Holmes hakuwa na mzimu wa watu wa kale wa kushindana nao mbele ya wasomaji ambao nusu yao wanauogopa kweli kweli. Kazi hiyo ilikuwa ya Abdulla peke yake, na aliifanya kwa Kiswahili ambacho mimi nikikisoma naona haya kufungua kaunta buku zangu. Mwenye kutaka kujua mazungumzo yaandikwe vipi, watu wakubishane bila mwandishi kuingilia kati, aende kwa Abdulla. Aanze na Mzimu, kisha Kisima cha Giningi, kisha Siri ya Sifuri. Asipojifunza kitu hapo basi akauze vocha, nafasi ipo kibandani kwangu.

Faraji Katalambulla alikuja na Simu ya Kifo mwaka 1965, na Inspekta Wingo wake. Huyo alitutoa visiwani akatuleta mjini, penye simu na askari wa mshahara. Nampita haraka kwa sababu nakala niliyosoma niliazimwa kwa usiku mmoja tu, na mwenyewe alikuwa akinigongea mlango.

Musiba ndiye ninayetaka kubaki naye kidogo, maana yeye ndiye anayesemwa zaidi kwamba ni bisi. Willy Gamba wake ni mpelelezi wa serikali: bastola, ndege, hoteli kubwa, wanawake wazuri. Nakubali yote hayo yamo. Lakini tuulize kama Bwana Msa. Willy Gamba anapigana na nani, na kwa nini Dar es Salaam?

Kamati ya Ukombozi ya OAU iliundwa 1963 na makao yake yakawa Dar es Salaam. Mji ule ulijaa wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia, Afrika Kusini. Na palipo na wapigania uhuru hawakosi wanaowawinda. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alifungua kifurushi kilicholetwa kwa posta, pale pale Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na kitabu. Ndani ya kitabu mlikuwa na bomu. Alikufa papo hapo.

Miaka mitano baadaye ndipo ikatoka Kufa na Kupona, habari za siri za wapigania uhuru zilizoibwa na kijana wa Dar anayetumwa kuzifuata. Msomaji wa mwaka 1974 hakuwa akila bisi. Alikuwa anajua kwamba kifurushi cha posta kinaweza kukuua. Alikuwa anaishi mji mmoja na watu wanaobadili njia kila siku wakirudi nyumbani. Kikosi cha Kisasi kinampeleka Willy mpaka Kinshasa, na majasusi wenzake wa nchi nyingine za Afrika wanashirikiana naye. Nionyesheni riwaya dhati ngapi za miaka ile zilizomchukua kijana wa Kiswahili zikamvusha mpaka Zaire na kumwambia vita vile ni vyako. Zipo? Zitajwe, nitazisoma, sina ugomvi na kitabu chochote. Ila Musiba alikwisha fika huko, na kitabu chake kilisomwa na utingo kwenye lori.

Hapo ndipo mkono wa mtu unapopanuka. Kwa Abdulla muuaji ni jirani, ni ndugu, ni mtu wa mirathi. Kwa Musiba muuaji ana ofisi, ana bajeti, ana serikali ya makaburu nyuma yake. Kifo kinaweza kupangwa mezani na watu waliovaa tai. Mimi sikulijua hilo kwenye somo la uraia.

Halafu akaja Ben Mtobwa, mtu wa Kigoma, aliyezaliwa 1958. Joram Kiango wake si mwajiriwa wa mtu. Anaingia kwenye kesi kwa sababu imemuudhi, au kwa sababu msichana amelia ofisini kwake, na Inspekta Kombora wa polisi anamhitaji na anamchukia kwa wakati mmoja. Hapo utaona miaka imebadilika. Miaka ya themanini foleni za sukari, magendo, pesa zisizojulikana zimetoka wapi. Angalieni hata majina ya vitabu: Pesa Zako Zinanuka. Tutarudi na Roho Zetu? Dar es Salaam Usiku. Mtu anayetunga jina kama Pesa Zako Zinanuka amekwisha fanya nusu ya upelelezi pale pale kwenye jalada.

Na Mtobwa ana kitu kingine ambacho sisi wa gazeti hili dogo tunapaswa kukikodolea macho. Alianzisha nyumba ya uchapishaji, Heko, akachapa vitabu. Wakati wengine tunalia kwamba hakuna wachapishaji, yeye alikuwa anatafuta karatasi. Alifariki mwaka 2008 na mimi nilikuwa bado sijui kusoma. Leo ukitafuta baadhi ya vitabu vyake utazunguka mpaka soli ziishe, na ukikipata kimoja kina mhuri wa maktaba ya shule fulani na maandishi ya mtoto: "Kisirudishwe."

Mtu atasema, haya, habari za historia tumesikia, lakini fasihi ni fasihi, na hadithi ya kumtafuta muuaji ni jambo la kitoto. Sawa. Basi tumwondoe Mfalme Edipode kwenye rafu. Sofokile, Mgiriki wa kale, ambaye mchezo wake Samuel Mushi alitutafsiria, anasimulia nini? Mji una tauni. Inatakiwa apatikane aliyemuua mfalme wa zamani. Mfalme mpya anaapa kumtafuta, anahoji shahidi mmoja mmoja, na shahidi wa mwisho anamfikisha kwake mwenyewe. Hiyo ni kesi ya mauaji mwanzo mpaka mwisho. Ikivaa shuka la Kigiriki ni dhati, ikivaa suruali ya Kariakoo ni bisi.

Sasa lazima niseme na mabaya, maana dada yangu atasoma gazeti hili na akiona nimeficha atanitangaza.

Dada ni fundi cherehani. Nilimpa vitabu vyangu vyote vya Willy na vya Joram kipindi cha mvua ambapo wateja hawaji. Alivisoma kwa mfululizo huku anakula karanga, na alipomaliza akanirudishia akasema: "Mbona humu kila mwanamke ni mzuri halafu anakufa?" Sikuwa na la kujibu. Akaendelea: "Au ni msaliti. Au ni msaliti mzuri anayekufa." Na ni kweli, wanawake wengi mno kwenye riwaya zile wapo ili shujaa awe na wa kumlaza, wa kumlilia au wa kumshuku. Abdulla ana nafuu kidogo, nadhani. Wengine hawana. Hili ni deni, na kulilipa ni juu yetu tunaoandika sasa. Dada anataka mpelelezi mwanamke asiye mzuri, mwenye watoto wawili na mkopo wa vikoba. Nimemwambia aandike. Ameniambia nimpe muda nimnunulie na cherehani ya umeme.

Lingine baya ni waigaji. Hapa msomi wetu ana haki nusu. Vipo vijitabu, na siku hizi zipo hadithi za mfululizo kwenye simu, ambazo ni bastola tupu. Mtu mmoja anaua kumi na wawili, haulizwi, halali, hana njaa, na gari lake halikai foleni. Dar es Salaam bila foleni! Ukiona hivyo ujue mwandishi hakuangalia mji, ameangalia filamu. Kuna Mwingereza, James Hadley Chase, ambaye vitabu vyake vimejaa kwa wauza vitabu chakavu tangu enzi za baba zetu. Yeye aliandika habari za majambazi wa Marekani akiwa kwao, kwa ramani na kamusi ya maneno ya mitaani, na tangu kitabu chake cha kwanza mwaka 1939 watu wakamwamini. Ilimbidi atafute ramani ya nchi ya watu. Sisi mji tunaukanyaga, bado tunaandika Chicago na kuiita Sinza.

Lakini kumhukumu Musiba kwa sababu ya waigaji wake ni sawa na kumfunga fundi kwa sababu ya aliyeiba nyundo yake. Tenda haki hata kwa kitabu.

Na mimi nilikuwa muigaji. Hapa naomba mnivumilie, ni la nyumbani.

Riwaya yangu ya kaunta buku nilikwisha imaliza mara moja. Nikaipiga chapa kwa mtu wa stationari, kurasa mia moja na arobaini, nikaipeleka kwa mhariri wa shirika fulani la vitabu. Alikaa nayo miezi mitano. Niliporudi alinipa bahasha yangu akasema hadithi za bunduki hawachapi, niende nikaandike kitu cha maana, kwa mfano Ukimwi au mazingira. Nikamuuliza kama ameisoma. Akasema ukurasa wa kwanza unatosha. Nilitoka pale nimevimba. Nilitembea kwa miguu kutoka mjini mpaka Mtoni nikitunga mauaji ya mhariri.

Dada akaisoma yote, kurasa zote mia moja na arobaini, jioni tatu. Kisha akauliza: "Huyu muuaji umemtoa wapi?"

"Kwenye ukurasa wa mia na thelathini," nikasema.

"Ndiyo ninachouliza. Kabla ya hapo alikuwa wapi? Mimi nimekaa namshuku baba mkwe siku tatu, nimemchunguza kila anachokula, kumbe muuaji ni mtu wa mkopo kaletwa mwishoni. Umeniibia."

Umeniibia. Mhariri mwenye shahada hakuniambia hivyo, aliniambia bunduki. Dada, darasa la saba, aliniambia kosa lenyewe. Nilichukua siku nikarudia Mzimu wa Watu wa Kale kwa ajili ya jambo hilo tu, kalamu mkononi, nikatazama Abdulla anavyokuonyesha kitu mapema kabisa, mbele ya macho yako, katikati ya mazungumzo ya kawaida, na wewe unakipita. Hakufichi. Anakuheshimu kiasi cha kukuwekea ukweli mezani na kukuacha ukose kuuona mwenyewe. Ukifika mwisho unarudi nyuma ukisema mama yangu, kilikuwa hapa!

Nitajieni riwaya dhati yenye masharti makali namna hiyo. Kuna vitabu vya heshima unaweza ukang'oa kurasa ishirini za katikati na msomaji asijue, akadhani ni falsafa. Ng'oa ukurasa mmoja kwa Abdulla uone. Mwandishi wa upelelezi anakopa kwako ukurasa wa kwanza, maiti ndiyo hati ya deni, na lazima alipe kabla ya jalada la mwisho, na alipe kwa fedha uliyokwisha kuiona. Asipolipa utamjua. Fundi cherehani atamjua.

Kwa hiyo nimeanza upya. Kaunta buku ya kwanza nimeifuta karibu yote. Muuaji sasa yumo tangu ukurasa wa nne, anamwaga maji ya kufulia. Maiti ni fundi viatu, na chini ya kitanda pana tenga la kuku. Nimempa bibi wa mihogo chumba cha nyuma, macho mekundu, karai. Katika riwaya yangu kijana anayeliona jiko anafungua mdomo siku ile ile, kabla jua halijazama. Sijui kama hilo ni haki. Dada anasema nimejipendelea, kwamba ningeandika zile siku mbili kama zilivyokuwa. Tunabishana.

Yule msomi, kama atasoma hapa, namkaribisha kikao kijacho, soda ipo. Aje ameshika Kisima cha Giningi mkononi na anionyeshe bisi iko ukurasa gani.

Na ombi kwa wasomaji wote. Nakala yangu ya Kikosi cha Kisasi imeishia Willy yuko Kinshasa, kurasa za mwisho zimenyofoka kabla haijafika kwangu. Nimeulizia kila meza ya vitabu chakavu ninayoijua. Mwenye nakala nzima anikopeshe kwa siku mbili, nitaiacha simu yangu kama rehani. Wahariri wanajua kibanda kilipo.